Ukitaka kukata papai kwenye kompyuta, usipasue wavu

Mimi nilianza na papai. Wengine huanza na ini, kwa ajili ya programu za kuwafunzia madaktari wa upasuaji. Mimi nilitaka papai bivu, kisu, na nyama inayolegea ikishakatwa. Nikalijaza umbo lake kwa wavu wa vipande vidogo vya umbo la piramidi ya pembe tatu (kila kimoja kina ncha nne tu), kila kimoja kikiwavuta na kuwasukuma jirani zake. Ukilibonyeza, linabonyea vizuri kabisa. Balaa lilikuja na kisu.

Kwanza nilifuta kila kipande kilichoguswa na kisu. Msimbo wake wa programu ulikuwa mfupi, ila papai lilitoka na meno kama limetafunwa na panya, na kila mkato ulipunguza uzito wake. Nikahamia kupasua vipande pale pale kisu kinapopita. Picha ilipendeza, mpaka siku kisu kilipopita karibu mno na pembe ya kipande. Nodi moja (yaani ncha ambapo vipande hukutana) ikaruka nje ya skrini, nyingine zikaifuata. Nilipochapisha ujazo wa vipande, nikakuta kimoja chembamba kama ganda la kitunguu. Hesabu niliyotumia inasogeza kila kitu kwa kutazama nguvu za sasa tu, na ya namna hiyo hutaka hatua za muda, yaani vipindi kati ya msogeo mmoja na mwingine, ziwe fupi kadiri ya kipande chembamba kuliko vyote. Kosa la kimoja, adhabu ya papai zima. Nilipoteza wiki tatu nikifupisha hatua. Usinifuate huko.

Kilichoniokoa ni mbinu ya nodi bandia, waliyoitoa watafiti Molino, Bao na Fedkiw mwaka 2004. Kipande hakipasuliwi, kinanakiliwa. Kila nakala inabaki na umbo kamili, lakini moja inabeba nyama ya upande huu na nyingine ya upande ule. Pembe zisizo na nyama ndizo nodi bandia. Hesabu haikutani na ganda la kitunguu tena. Kinachochorwa kwenye skrini ni nyama tu.

Nakushauri uzigawie nakala uzito na ugumu kulingana na nyama zinayobeba. Mimi nilisahau, papai likawa linanenepa kila nikilikata!

Mbinu hiyo ya awali ina mpaka wake: kila nakala lazima ibaki na walau nodi moja halisi, kwa hiyo kipande hakitoi sehemu zaidi ya nne. Ukitaka slesi nyembamba, tafuta kazi ya Sifakis, Der na Fedkiw ya 2007. Mimi bado sijaiandikia programu. Slesi zangu zote ni nene.