Wasomaji Wanauliza: Maneno ya Kiingereza Yasiyokaa Kichwani

Swali: Mimi ni mpagazi, nabeba mizigo njia ya Machame, Mlima Kilimanjaro, na nataka kusomea uongozaji wageni. Nimenunua kamusi, kila siku nakariri maneno 20. Nimefika herufi C lakini ya A yameshanitoka, na wageni wakiongea wao kwa wao siambulii kitu. Nakosea wapi?
*Msomaji, Pasua, Moshi*

Jibu: Kaka, bidii unayo, tatizo ni mpangilio. Kamusi hupanga maneno kwa herufi, haijali lipi unalihitaji. Ukianzia A utakariri "abbey", nyumba ya watawa, miezi mingi kabla ya kufika kwenye "water". Utafiti wa Paul Nation wa New Zealand, uliochapishwa 2006, ulionyesha kwamba makundi 3,000 ya maneno yanayotumika sana hubeba takriban asilimia 95 ya mazungumzo. Kundi ni neno pamoja na ndugu zake: "walk", "walked" na "walking" ni kundi moja. Orodha zilizopangwa kwa wingi wa matumizi zinapatikana mtandaoni, fuata hizo.

Kisha acha kusoma orodha kwa kurudiarudia, maana inakudanganya. Mwaka huohuo wa 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu Marekani vifungu vya habari. Baada ya dakika 5, waliosoma mara ya pili walikumbuka asilimia 81, na waliojijaribu bila kutazama asilimia 75. Baada ya wiki moja waliojijaribu walibaki na 56, wenzao wakashuka hadi 42. Neno hukaa pale unapolitafuta kichwani nalo likakusumbua kidogo kabla ya kutoka.

Kata karatasi ya manila vipande vya upana wa vidole vitatu. Mbele andika sentensi ya Kiswahili utakayoihitaji mlimani, nyuma Kiingereza chake. Gawa boksi la viatu vyumba vitatu: cha kwanza unakipitia kila siku, cha pili kila baada ya siku 3, cha tatu mara moja kwa wiki. Soma mbele, sema kwa sauti, ndipo ugeuze. Ukipatia, kadi inasogea chumba kinachofuata. Ukikosa, inarudi cha kwanza hata kama ilikuwa cha tatu. Kadi mpya 8 kwa siku zinatosha. Ukiweka 20, za marudio zitarundikana na utaliacha boksi.

Usiingize maneno pacha siku moja. "Lend" na "borrow" kwetu yote ni kuazima: "niazime fimbo", "nimeazima fimbo". Ukiyakariri pamoja yatachanganyikana, na kuyatenganisha baadaye ni kazi kubwa. Weka "Lend me your pole" kwanza. Kadi hiyo ikishafika chumba cha tatu, ndipo "borrow" iingie.

Ama kusikia, sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho na kutamka kila silabi kamili. Kiingereza huhamisha mkazo na kumeza zilizobaki. "Photograph" hukazwa mwanzoni, "photographer" kwenye silabi ya pili. "Comfortable" unayoingojea kwa silabi nne mara nyingi hufika sikioni na tatu tu, mkazo ukiwa mwanzoni. Basi kwenye kila kadi pigia mstari silabi yenye mkazo. BBC huweka mtandaoni vipindi vya wanaojifunza vya dakika 6 pamoja na maandishi yake: sikiliza dakika moja, andika ulichosikia, kisha linganisha. Utakuta uliyoyakosa mengi ni vijineno kama "of", "to" na "have". Rudia dakika hiyohiyo mpaka uyasikie.

Swali: Mwanangu ameanza kidato cha kwanza shule ya kata. Nimeshauriwa tupige marufuku Kiswahili nyumbani, nami niliishia darasa la saba.
*Mama, Sakina, Arusha*

Jibu: Usifanye hivyo, mama. Jim Cummins, aliyechunguza watoto wa wahamiaji Kanada, aliona kuwa Kiingereza cha kuzungumza huja kwa takriban miaka miwili, lakini cha darasani huchukua mitano hadi saba. Na hao walizungukwa na Kiingereza kutwa. Kwa hiyo mwanao akichelewa kuelewa, usidhani ni mzito.

Anachokielewa kwa Kiswahili ndicho msingi. Anayejua mmeng'enyo wa chakula ni nini anabakiwa na kujifunza jina jipya, "digestion". Asiyejua anabeba mizigo miwili. Kila jioni mwambie akueleze kwa Kiswahili, dakika 10, alichonakili siku hiyo. Akikwama, ujue alinakili bila kuelewa, akamuulize mwalimu kesho yake. Akiweza, aandike sentensi tatu za Kiingereza bila daftari. Ajue pia maneno ya mtihani: "mention" hutaka ataje tu, "explain" hutaka aeleze. Wengi hupoteza alama hapo ilhali somo wanalijua.

Swali: Sarufi naijua, lakini nikisimulia habari za dada yangu kwa Kiingereza natamka "he" badala ya "she". Kwa nini?
*Msomaji, Majengo, Moshi*

Jibu: Kwa sababu "yeye" na "a-" ya "anakuja" hazibagui mume na mke, kwa hiyo ulimi haujazoea kuchagua. Unachokosa ni wepesi. Chukua picha 10 za ndugu, wake kwa waume, uzichanganye, usimulie kila moja sentensi tatu bila kusimama. Ukiteleza, rudia sentensi nzima, usisahihishe neno moja tu.