Maswali yenu: tele gani inafaa kwa PlayStation?

Safari hii barua karibu zote ni za tele na michezo, zimetoka mitaa ya Lubumbashi, Katuba, Kampemba, Ruashi, mpaka Kipushi. Tumechagua zile ambazo jibu lake litasaidia watu wengi, tumezifupisha kidogo, na majina hatukuyaandika.

Papa mwenye sale (chumba) ya michezo, Katuba: Yaya, jambo sana. Nilifungula sale hapa Katuba, tele nne na PS4 (PlayStation 4) nne, juu ya vijana wa hapa. Tele tatu ziko muzuri, lakini ile moya mupya, kubwa kupita zote, batoto banaikimbia, banasema mupira inachelewa, unapiga pasi kisha inatoka nyuma. Muuzaji aliniambia ni manete (kidude cha kuchezea cha mkononi). Nilibadilisha manete, njo vile vile. Shida ni nini, na nikitaka kuongeza zingine nitafute za namna gani?

Papa, jambo. Vijana wana haki, na manete haina kosa. Tele za siku hizi kabla ya kukuonyesha picha zinaifanyia kazi kwanza, zinaisafisha, zinaiongezea rangi, zinatunga picha za katikati ili filamu ionekane laini, na kazi hiyo yote inakula muda. Kwa mtu anayetazama filamu haina neno juu sauti na picha vinachelewa pamoja, lakini kwa mtu mwenye manete mkononi ni balaa. PS4 inatoa picha 60 kwa sekunde, maana yake kila picha inakaa karibu milisekunde 17 tu. Tele isiyopangwa inaweza kuchelewa milisekunde 100, piga hesabu mwenyewe, hizo ni karibu picha sita, penalti imeshapigwa njo kipa anaanza kuona mguu unainuka.

Dawa mara nyingi iko ndani ya tele yenyewe na ni bure. Washa PS4 kwanza, picha yake iwe kwenye ekrani, kisha ingia mu menyu ya picha utafute "Mode Jeu" (hali ya mchezo). Nasema uwashe PS4 kwanza juu tele nyingi zinaweka mpangilio kwa kila mlango wa HDMI (ule wa waya ya picha na sauti) peke yake, ukiupanga wakati unatazama chaneli, upande wa PS4 unabaki kama zamani na wewe unafikiri imekataa. Ukiipata, uchelewaji kwa tele nyingi unashuka mpaka milisekunde 10 au 20 hivi, na hapo vijana watarudi wenyewe. Kama menyu haina Mode Jeu, zima kila kitu kinachoahidi picha laini au picha safi, na jaribu kuubadilisha jina mlango wa HDMI uuite PC, kuna tele ambazo zikisoma jina hilo zinaacha ile kazi yote.

Sasa kuhusu kuongeza. Papa, usitazame ukubwa. Mu sale watu wanakaa kwenye benchi, wawili wanacheza na wengine wanasubiri pembeni, kwa hiyo kitu cha kwanza ni tele kuonekana vizuri hata kwa aliye kando. Mu butiki simama mbele ya tele, kisha tembea polepole mpaka upande kabisa: kuna paneli (ekrani yenyewe) ambazo nyeusi inageuka kijivu na rangi zinafifia ukitoka katikati tu, na kuna zingine zinabaki na rangi yake. Zile za kwanza zina nyeusi nzito na ni nzuri kwa mtu mmoja anayecheza usiku chumbani, ila kwa sale chukua za pili. Cha pili, tele iwe na mwanga mkali, juu mlango wa sale uko wazi mchana kutwa. Inchi 43 inatosha kabisa, mchezaji akae kama mita moja na nusu mpaka karibu mbili. Na usichukue OLED (ekrani ambayo kila nukta inajiwakia yenyewe) kwa sale hata ukipewa bei ya rafiki: pale matokeo ya mechi yanakaa kona ile ile toka asubuhi mpaka usiku, kila siku, alama yake inaweza kubaki kwenye ekrani milele.

Mwanafunzi, Kampemba: Mukubwa, niko na PS4 Slim na nimechanga dola 250. Mjini wananionyesha tele imeandikwa 4K na 120 kwenye karto (boksi), ingine ni inchi 32 ya kawaida bei chini sana. Rafiki zangu wanasema bila 4K nimepoteza makuta. Nifanye nini?

Mdogo wangu, anzia kwenye mashine yako, tele ije nyuma. PS4 Slim inatoa 1080p (pointi 1920 kwa 1080, njo Full HD), picha 60 kwa sekunde, basi. Haiwezi kutoa 4K (pointi mara nne ya hizo) hata ukiifunga kwenye tele ya bei ya gari. PS4 Pro ya 2016 njo ilianza kutoa 4K. Tele ya 4K ukiinunua si vibaya, itapanua ile picha ya 1080p na itakungojea siku utapata mashine nyingine, ila usiilipie ukifikiri michezo ya leo itabadilika.

Na ile 120 ya kwenye karto iangalie kwa makini. Watengenezaji wanapenda kuandika namba kubwa pembeni ya jina zuri la kwao wenyewe, kumbe paneli ndani ni ya Hz 60 (picha 60 kwa sekunde), hiyo namba wanaipata kwa kuhesabu ile kazi ya kulainisha picha niliyomwelezea Papa wa Katuba. Kwa bei hiyo, mu butiki za hapa, mimi sitegemei kukuta Hz 120 ya kweli. Lakini kwako haina shida, PS4 yako inaishia 60.

Hatari yako kubwa iko kwenye ile inchi 32. Nyingi za saizi hiyo zimeandikwa HD tu, si Full HD, maana yake ni pointi 1366 kwa 768, chini ya kile PS4 inatoa. Utacheza, ndiyo, lakini maandishi madogo, majina ya wachezaji, ile ramani ndogo chini, vyote vitakuwa na ukungu. Mwambie muuzaji akuonyeshe karatasi ya nyuma au karto, utafute 1920 kwa 1080. Kama chumba chako unakaa mita moja na kidogo toka ekrani, inchi 32 ya Full HD ni nzuri sana na pesa inabaki. Kama kuna nafasi ya mita moja na robo tatu hivi, chukua 43. Pesa ikibaki nunua stabilizateri (kifaa cha kutuliza umeme), na hilo nakuomba usiliahirishe, umeme wa hapa ukikatika na kurudi kwa nguvu unaua paneli na mashine siku moja.

Kitu cha mwisho, beba PS4 yako mu sakosh uende nayo. Muuzaji wa kweli atakuruhusu uifunge dakika kumi. Tazama kidole chako kwenye manete huku ukisogeza menyu kulia na kushoto, utaona mara moja kama kuna kuchelewa. Akikataa, mu centre-ville butiki si moja.

Mama, quartier Golf: Mjomba wa watoto katuma PS5 toka Ubelgiji. Mtoto wangu mkubwa ananiambia lazima "HDMI 2.1" la sivyo PS5 imeharibika bure. Bei zake zinaniogopesha. Ni kweli?

Mama, PS5 haiharibiki na haipotei. Itafanya kazi kwa tele yoyote yenye HDMI, itashusha picha yenyewe mpaka pale tele inaweza. HDMI 2.1 ni toleo la ule mlango wa picha, na anachotaka mtoto kwake ni 4K kwa picha 120 kwa sekunde, pamoja na ile namna ya tele kufuata mwendo wa mashine ili picha isikatike katikati, wanaiita VRR, PS5 ilianza kuikubali Aprili 2022. Ni vitu vizuri, sisemi uongo. Swali ni anacheza nini. Kama ni mpira, EA Sports FC uwanjani inaenda kwa 60, kwa hiyo tele nzuri ya 4K ya Hz 60 yenye Mode Jeu inamtosha miaka. Kama ni Fortnite au Call of Duty, hapo 120 ipo na mtoto ataisikia mkononi.

Ukiamua kuinunua, usiamini maandishi "HDMI 2.1" peke yake. Kanuni za HDMI zinaruhusu tele kujiita 2.1 hata kama haina 120 wala VRR, juu vitu hivyo ni vya hiari. Uliza wazi: inapokea 4K kwa Hz 120? Kisha tazama milango nyuma, kwa tele nyingi ni mlango mmoja au miwili tu inakubali, na pembeni yake imeandikwa 4K 120Hz. Waya tumia ile iliyokuja ndani ya karto ya PS5, zile za kuokota sokoni zinaleta theluji kwenye picha au giza kabisa. Mkifika nyumbani, mu mipangilio ya PS5, upande wa ekrani na video, kuna ukurasa wa habari za video inayotoka, pale mashine yenyewe inaandika tele yenu inaweza nini. Bora zaidi mkaisome hapo hapo butikini kabla ya kulipa.

Neno HDR (picha yenye mwanga mkali zaidi na giza zito zaidi) nalo msililipie sana. Tele za bei ya chini zinapokea HDR lakini hazina mwanga wa kuionyesha, na mara nyingine picha inatoka nyeusi kuliko bila hiyo HDR.

Ndugu wa Ruashi: Kaka yangu anarudi toka Marekani, anataka kuniletea tele kubwa. Nimwambie alete?

Asome kwanza karatasi iliyobandikwa nyuma. Ikiandikwa AC 100–240V, 50/60Hz, alete, ni prizi tu utabadilisha. Ikiandikwa 120V peke yake, aiache huko. Ukiichomeka mu 220 ya hapa itaungua, na transformateri ya kushusha umeme ni mzigo mwingine na gharama nyingine. Chaneli za hapa za antena inaweza ikashindwa kushika, kwa PlayStation hiyo haikuhusu. Na ekrani kubwa inasafiri ikiwa imesimama, isilazwe.

Kijana wa commune Kenya: Sisi bado tuko na PS2 na tunaipenda. Tumenunua tele ya bapa, hakuna pa kuingiza zile waya tatu za rangi, na kwa rafiki picha ni mbaya. Kwa nini?

PS2 ni ya mwaka 2000, ilitengenezwa kwa tele za mgongo mnene, picha yake ni ndogo sana kwa ekrani ya leo, tele inaivuta mpaka inachanika, tena kuivuta nako kunachelewesha. Angalia vizuri nyuma au kando, tele nyingine zina tundu moja dogo la AV ambalo linataka waya ya kuunganisha, mara nyingi iko ndani ya karto na watu wanaitupa. Kama hakuna, kuna kifaa kidogo cha kugeuza kuwa HDMI. Ila kama kwenu kuna tele ya zamani bado nzima, PS2 ibaki pale, hakuna tele mpya itaishinda kwa mashine hiyo. Kweli kabisa, msiiuze.

Mfanyakazi, Kamalondo: Nimepata tele ya okazio (iliyotumika), inchi 55, bei nzuri. Nitajuaje kama haina ugonjwa?

Weka mu simu yako au mu kifunguo cha USB picha tano za rangi tupu: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, buluu. Zionyeshe moja moja ekrani nzima. Kwa nyeupe tafuta madoa ya kivuli na kona zenye giza, hizo ni taa za nyuma zinakufa. Kwa nyeusi, zima taa ya chumba, tafuta nukta zinazowaka na mwanga unaovuja pembeni. Kama ni OLED, kwenye nyekundu utaona alama ya chaneli iliyobaki. Iache imewaka nusu saa, juu kuna ugonjwa unaotoka tele ikipata moto tu. Jaribu milango yote ya HDMI kwa kuchezesha waya kidogo, mlango uliolegea picha inaruka. Na omba telekomandi yake, Mode Jeu utaifikia kwa nini bila telekomandi?

Baba wa familia, Kipushi: Kwetu umeme ni wa kubahatisha, tuko na batiri moja ya Ah 100 ya volti 12 na onduleri (kifaa cha kugeuza umeme wa batiri uwe wa nyumbani). Watoto watacheza saa ngapi?

Batiri hiyo ndani ina watt-saa 1200, lakini kama ni ya risasi (yale madini) usiishushe chini ya nusu, itakufa mapema. Umebaki na 600, na onduleri yenyewe inakula kidogo, tuseme 500. PS5 kwenye mchezo mzito inaenda kwenye watt 200, na tele ya inchi 55 inaongeza kama 100, saa moja na nusu imekwisha. PS4 Slim na tele ya inchi 32 pamoja ni kama 130 hivi, hapo watoto wanapata karibu saa nne. Shusha mwanga wa tele, unapata dakika zaidi bila kulipa kitu. Onduleri iwe ile inayotoa umeme safi kama wa kampuni, zile za bei ya chini zinafanya mashine kupiga kelele na kupata moto. Na watoto wajue kusevu mchezo mapema na kuizima PS4 kwa menyu kabla batiri haijalia, juu ikikatika wakati inaandika, mchezo uliohifadhiwa unaweza kupotea.