Skana ya laki moja na ishirini na picha 640 za bibi

Bibi mzaa baba alipofariki, mimi nilipewa sanduku la bati. Ndani mlikuwa na albamu nne, bahasha ya kaki yenye negativu (zile filamu za kusafishia picha), na furushi la picha zilizofungwa kwa mpira ambao ulishayeyuka ukagandia picha ya juu. Nilizihesabu usiku uleule: 640, bila negativu.

Duka moja mjini waliniambia shilingi 1,500 kwa kila picha, na niwaachie wiki mbili. Hesabu hiyo inafika 960,000. Hata wangenifanyia kwa nusu bei nisingekubali, maana picha ya baba akiwa na miaka sita haina nakala nyingine popote, na mimi naujua usafiri wa bodaboda.

Nilianza na simu, kama kila mtu. Picha za mng'ao zinaonyesha taa ya sebuleni katikati ya uso wa bibi harusi, na pembe hazinyooki hata ujitahidi vipi. Baada ya picha thelathini nikaacha. Nikanunua skana ya zamani kwa elfu sitini, nayo kompyuta ikakataa kuitambua, kwa sababu walioitengeneza walishaacha kuiandikia programu za kuendana na Windows mpya. Baadaye sana nikaja kujua kuna programu ya kulipia iitwayo VueScan inayoziamsha nyingi za aina hiyo. Kwa hiyo ukiuziwa skana ya mtumba, usilipe kabla hujaichomeka kwenye laptop yako mwenyewe na kuskani karatasi moja ukaiona kwenye skrini. Mimi nililipa kwanza.

Ya pili niliipata kwa mtu aliyekuwa anafunga stesheneri yake: CanoScan LiDE 300, shilingi 120,000. Ni nyembamba kama sinia. Mwaka wa pili huu naitumia na sijaona sababu ya kuibadilisha. Raha yake kubwa kwa mtu wa Dar es Salaam ni kwamba haina waya wa umeme. Inakula umeme wa laptop kupitia waya wa USB, basi Luku ikiisha au umeme ukikatika mtaa mzima, betri ya laptop ikiwa nzima unaendelea kuskani gizani.

Watakaokuuzia watakutajia namba kubwa za dpi, yaani nukta kwa kila inchi. Usibabaike. Picha ya kawaida ya inchi 4 kwa 6 ukiiskani kwa 600 inatoka na nukta 2,400 kwa 3,600, inatosha kuichapa mara mbili ya ukubwa wake na bado ikatulia. Ukipanda kwenda 1,200 faili linakuwa kubwa mara nne, na mara nyingi unachoongeza ni chembechembe za karatasi tu. Mimi 1,200 naitumia kwa picha za paspoti na zile ndogo zenye kingo za mawimbi. Risiti na mikataba, 300.

Nahifadhi kwa TIFF, aina ya faili ambayo haipunguzi kitu. Picha moja inakuwa kama MB 26, na 640 zote hazifiki GB 17. Yaani ukoo mzima unaingia kwenye flashi ya GB 32. Ninazo kwenye laptop, kwenye diski ya nje iliyoko kabatini, na kwenye flashi niliyompelekea dada Morogoro. Za kutuma kwa watu natengeneza JPEG, ambayo ni faili dogo. Na ukituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, la sivyo inaminywa na kazi yako yote inapotea njiani.

Sasa mikono, maana hapa ndipo picha zinapofia. Albamu mbili zilikuwa za kurasa zenye gundi, zile za kufunika kwa nailoni. Gundi ile ikizeeka inashika kama imechomelewa. Usitumie kisu, wala usikunje picha ili ibanduke. Chukua uzi wa kusafishia meno, upitishe chini ya kona, uvute taratibu kama msumeno, kidogokidogo kushoto na kulia. Picha moja inaweza kula dakika kumi. Nilipoona karatasi inaanza kuchanika niliacha na kuuskani ukurasa wote pamoja na albamu yake.

Picha ya babu kwenye fremu ilishikana na kioo. Nayo usiibandue kabisa, maana rangi inabaki kwenye kioo. Hapa skana yangu ilishindwa, na nilitegemea, kwa sababu skana hizi nyembamba huona vizuri kile tu kinachogusa kioo chake. Kitu kikiinuka kidogo kinapoteza ukali, hata picha iliyojikunja. Babu nikampeleka barazani asubuhi, kivulini, nikampiga kwa simu juu ya stendi huku mtu ameshika kanga nyeusi nyuma ya simu, mbele yangu, ili kioo kisirudishe sura yangu.

Negativu pia LiDE haiziwezi, kwa kuwa hazipitishiwi mwanga kutoka juu. Skana zenye taa ya negativu kwenye mfuniko zipo, ila bei yake ni nyingine kabisa. Mimi nilifungua ukurasa mweupe kwenye tableti, juu yake nikaweka kipande cha kioo kilichoinuliwa kwa vifuniko vya chupa ili vinukta vya skrini visionekane, nikapiga kwa kamera ya kuazima na kugeuza rangi kwenye GIMP, programu ya bure ya kurekebisha picha. Nyeusi na nyeupe zilitoka vizuri hadi nikaita watu waje waone. Za rangi zina utando wa rangi ya chungwa unaosumbua, na nyingi bado ziko kwenye bahasha.

Vumbi natoa kwa brashi laini ya poda, mpya. Kioo cha skana nafuta kwa kitambaa cha miwani kila baada ya picha kumi. Wakati wa masika naiweka kwenye mfuko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, baada ya kuona ukungu ndani ya kioo mwezi wa nne.

Mashine hii haikukaa kwa ajili ya picha tu. Nafanya hesabu za maduka matatu nikiwa nyumbani, na mwenye kazi hii anajua risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, zinavyofifia zikabaki karatasi tupu. Naziskani siku inayofuata. Meza niliichongesha Keko, ubao mmoja, urefu kwenda juu sentimita 75. Kiti nilijidanganya nikatumia cha plastiki kwa miezi mitano, mgongo ukanifundisha, nikanunua cha ofisi cha mtumba kwa 180,000. Ndiyo, kiti ni ghali kuliko skana. Ningeanza na kiti.

Kitu kingine ambacho ningeanza nacho ni migongo ya picha. Zaidi ya mia mbili nilishaziskani upande mmoja ndipo nikageuza moja nikakuta wino wa bluu: “Ukumbusho wangu kwako, usinisahau,” na tarehe ya 1971. Nyingine ina muhuri wa Capital Art Studio, ile studio ya Mji Mkongwe iliyofunguliwa 1930. Nyumbani hakuna aliyejua kama bibi aliwahi kukanyaga Unguja. Nikarudia zote mia mbili. Sasa kila faili linaanza na mwaka, halafu mahali, halafu jina, na la nyuma lina herufi b mwishoni.

Majina ndiyo yanayochelewesha. Shangazi yuko Tanga, ana miaka 81, ndiye pekee aliyebaki anayewajua hao watu. Nilikuwa namtumia picha kwa simu ya mjukuu wake, naye ananijibu kwa sauti: “Mwanangu, huyo wa kushoto ni dada wa yule aliyekuwa anauza mandazi Ngamiani, jina lake sasa…” kisha anacheka, kisha umeme wao unakatika.

Zimebaki 43 zisizo na majina. Anakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi. Kiti cha ofisi atakalia yeye, mimi nimeshakitoa stoo kile cha plastiki.