Nguo za mazoezi zinunue wiki ile ambayo hujipendi

Wadada, ukitaka kununua sidiria ya mazoezi au taiti nenda dukani ile wiki ya mwisho kabla hujaingia kwenye siku zako, ile wiki matiti yamejaa, tumbo limevimba, sketi ya kazini inabana na ukipita kwenye kioo unaona kama umenenepa ghafla. Najua ndo wiki ambayo mtu hataki hata kujaribisha nguo, ila nguo iliyokukaa vizuri siku hizo itakukaa mwezi mzima. Ile uliyonunua siku tumbo limelala na unajiona mrembo, utaivaa siku chache afu siku zilizobaki inakaa kabatini na wewe unabaki kulalamika kwamba mazoezi huyawezi.

Mimi niko Dar, jimu naenda jioni nikitoka kazini na jumamosi alfajiri niko na kikundi chetu cha jogingi, kwa hiyo nikiongelea nguo naongelea nguo za joto. Mtu wa Mbeya anaweza kuvaa trakisuti nzito mwezi wa saba na akafurahi, huku kwetu mwezi wa kwanza na wa pili unatoka jasho ukiwa umekaa tu unasubiri daladala.

Sasa kwa nini nakazania hiyo wiki ya mwisho. Mzunguko wa mwanamke kwa wengi ni kati ya siku 21 na 35, ile 28 tuliyofundishwa shule ni wastani tu, kwa hiyo usihesabu kwa kumuangalia shosti yako, hesabu wa kwako. Yai likishapevuka, homoni ya projesteroni inapanda na joto la mwili nalo linapanda kidogo, nusu digrii hivi au chini ya hapo, na linabaki huko juu mpaka ukikaribia kublidi. Utasema nusu digrii ni nini, ila jaribu kuwa nayo kwenye jimu ambayo eisii yake imekufa na mmejazana watu thelathini mnaruka zumba. Hapo hapo mwili wa wengi unashika maji, matiti yanavimba na kuuma, yani hata kushuka ngazi unayasikia, na ngozi ya tumbo haitaki kitu kinachokaba. Halafu wewe umevaa sidiria ileile ya wiki mbili zilizopita, imebana mpaka inaacha alama, unadhani huna pumzi kumbe ni lastiki.

Kwenye sidiria ndo weka hela. Kwa siku hizo tafuta yenye mikanda mipana ya mabega na mkanda mpana chini ya matiti, na ikiwezekana iwe na vifungo nyuma vya mistari mitatu au minne, sio zile za kuvalia kichwani tu. Zile za kuvalia kichwani ni nzuri kwa mwenye matiti madogo au siku ambazo hayajajaa, ila kama una kifua cha maana utapigana nayo kuivaa na utapigana nayo zaidi kuivua ukiwa umelowa jasho, na matiti yanauma, jamani. Yenye vifungo unailegeza mstari mmoja wiki ya mwisho, ukimaliza siku zako unairudisha. Ukiwa dukani ruka, usione aibu, ruka mara kadhaa pale pale na nyanyua mikono juu, mkanda wa chini ukipanda kuelekea kwenye matiti basi ni kubwa, irudishe. Vidole viwili vipite chini ya mkanda bila kung'ang'ania. Mabega hayatakiwi kubeba mzigo wote, kazi kubwa ni ya ule mkanda wa chini, sidiria nyingi za bei rahisi pale Kariakoo zina mkanda mwembamba na sponji nene, sponji inakupa umbo ila haishikilii kitu na ikilowa inakaa na maji kama dodoki.

Mitumba sasa. Taiti za mtumba mimi nazinunua sana tu, Karume ukiwahi asubuhi belo linapofunguliwa unapata kitu cha nguvu kwa bei ambayo dukani hupati hata soksi. Ila sidiria ya kukimbilia ya mtumba hapana. Kwanza TBS, shirika la viwango, walishapiga marufuku mitumba ya nguo za ndani miaka mingi tu, pamoja na kwamba bado zinauzwa mchana kweupe, na pili lastiki yake imeshafanya kazi yake huko ilikotoka, ukiivuta inaenda ila hairudi. Taiti ya mtumba nayo ipime hivyohivyo, vuta kiunoni uone kama inarudi, afu ingiza mkono ndani uutanue, kama unaona rangi ya ngozi ya mkono wako basi ukichuchumaa watu wataona hadi maua ya chupi. Sa hivi unaniambia mbona nyeusi, nyeusi nyepesi ipo na ni nyingi.

Kuhusu kiuno cha taiti kila mtu ana lake. Tumbo likinisokota siku ya kwanza na ya pili mimi siwezi kabisa kitu chenye mshono mgumu au kamba ya kufunga, nataka taiti yenye mkanda mpana laini unaopita juu ya kitovu na unaokaa bila kuminya, na hiyo moja niliinunua saizi moja juu ya yangu makusudi. Rafiki yangu mmoja yeye anapenda kubanwa, anasema maumivu yanapungua, haya. Kuna wengine wanavaa taiti za wajawazito siku hizo, ukizishika utaelewa kwa nini, ni laini kweli na hakuna anayejua ukishavaa fulana juu.

Siku zenyewe za kublidi. Hapa watu wanafikiria pedi tu wanasahau chupi. Pedi ya mabawa inataka chupi ya pamba inayoshika vizuri, sio chupi iliyolegea wala za kamba, mana ukianza kukimbia pedi inatembea, inajikunja, inakuchubua mapajani mpaka ukifika nyumbani unatembea kama bata. Kwa hiyo mpangilio wangu ni chupi ya pamba inayoshika, pedi nyembamba ndefu na sio nene, juu yake bukta ya kubana ya kufika katikati ya mapaja, afu ndo taiti au trakisuti nyepesi. Ile bukta ndo inashikilia kila kitu mahali pake na ndo inazuia mapaja kusuguana. Joto lipo ndio, ndo mana juu nachagua kitu chepesi. Kuwa makini na bukta za baiskeli zenye sponji katikati, sponji na pedi haviendani, utahisi umekalia mto. Badilisha pedi kabla ya kuanza mazoezi na badilisha ukimaliza, hata kama unaona bado, mana jasho nalo linaingia humo. Ukitumia kikombe cha hedhi au tamponi uhuru ni mkubwa zaidi, unaweza hata kuvaa taiti peke yake, ila tamponi isizidi masaa nane na kikombe masaa kumi na mbili, usije ukajisahau kwa sababu hujisikii. Chupi za hedhi nazo zipo siku hizi, ni nzuri kwa siku za mwisho zile za matone, siku ya pili yenye mafuriko peke yake mimi siiamini.

Na tisheti ndefu inayofunika makalio. Hii wala sio lazima iwe kwa ajili ya sitara, ingawa kwa sisi wengi inafanya kazi zote mbili, ukiwa nayo akili inatulia, huendi kila dakika kwenye kioo kujigeuza kuangalia nyuma. Wanaovaa hijabu na magauni mapana ya mazoezi hapo wametuacha mbali.

Rangi ni nyeusi, bluu ya giza, zambarau iliyoiva. Kijivu kisikudanganye, kinaonyesha jasho na kila kitu. Na nyeupe tusizungumze. Kikundi chetu kuna kipindi kilitaka jezi za sare, fulana nyeupe na bukta nyeupe eti tupendeze kwenye picha, waliotoa wazo walikuwa wanaume watupu. Tuliwakatalia, na nikawaambia hata Wimbledon, yale mashindano ya tenisi, ambako nyeupe ni sheria ya miaka na miaka, kuanzia 2023 wachezaji wanawake wameruhusiwa kuvaa bukta za ndani za rangi ya giza, na timu ya mpira wa miguu ya wanawake ya Uingereza nayo mwaka huohuo ikaachana na bukta nyeupe ikavaa bluu, baada ya wachezaji kusema wazi kwamba wanakosa amani. Sasa hao wanalipwa, mimi natoka Tabata kukimbia bure niteseke kwa sababu ya picha? Tukashona bluu.

Ukishamaliza siku zako, kuelekea zile siku za hatari, hapa sina maneno mengi. Mwili mwepesi, matiti hayaumi, vaa unachotaka, hizi ndo siku za kile kitaiti cha pinki na kitopu kifupi. Kuna ule ute unaoongezeka siku hizo, ni kawaida kabisa, chupi ya pamba inatosha, watu wanavaa pedi ndogo za kila siku na joto hili halafu wanashangaa wanawashwa.

Maana fangasi ndo ugonjwa wetu. Taiti ya nailoni iliyolowa, pedi, jasho, afu unapanda daladala foleni ya Ubungo unakaa navyo saa nzima na nusu, unategemea nini. Badilisha kabla hujatoka jimu, hata kama choo chao kinatisha. Kwenye begi langu kuna chupi, pedi, khanga moja na kipochi cha zipu cha kuwekea nguo mbichi, mana mifuko ya plastiki si ilipigwa marufuku toka 2019. Khanga nadhani sihitaji kuieleza, unajifunga unabadilishia popote.

Kufua, damu inafuliwa kwa maji ya baridi, maji ya moto yanaigandisha kwenye kitambaa haitoki tena. Loweka na chumvi kidogo, fikicha na sabuni ya mche. Dawa za kulainisha nguo usitie kwenye nguo za mazoezi wala chupi za hedhi, zinaziba kitambaa kisinyonye. Na chupi anika juani, tuache kuzificha chini ya khanga kwenye kamba, zinabaki na unyevu zinatoa harufu na wewe ndo utakayevaa.

Kitu kimoja nje ya nguo. Kama pedi inajaa ndani ya saa moja na inaendelea hivyo saa kadhaa, au unatoa mabonge makubwa na kizunguzungu, hiyo sio ya kutafutia taiti nyeusi, nenda hospitali. Na kama umeanza mazoezi makali na kujinyima kula afu hedhi imepotea miezi mitatu na huna mimba, usishangilie, nenda pia.

Mwenye hela ya kitu kimoja tu mwezi huu anunue sidiria. Mwezi ujao taiti nyeusi nzito yenye mkanda mpana, baada ya hapo bukta ya kubana ya ndani, hizi za ndani ni bei rahisi unaweza kuchukua mbili. Tisheti ndefu kabatini kwa kaka yako au mumeo zipo, usinunue. Raba zina habari yake nyingine, na hela yake nyingine.