Filimbi ya mninga na kwale wasiojificha: kuwinda bila mbwa Tabora

Wengi wanaochonga filimbi ya kwanza hudhani kwale atasikia, atakuja kwa miguu, atasimama mbele yao. Hutokea, lakini usipange siku yako kwa kutegemea hilo. Kazi ya filimbi ni kumfanya kwale ajibu. Mbwa angenusa na kukuonyesha kichaka. Wewe huna pua hiyo, kwa hiyo unamwacha ndege akutajie mwenyewe alipo. Ukilielewa hili utapuliza kidogo na kusikiliza sana, na utarudi na kitu.

Kabla ya mti na kisu, karatasi. Kwale ni mnyamapori kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009. Unahitaji leseni ya kuwinda kutoka Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA), na bunduki yenye kibali chake. Leseni inataja aina ya ndege, idadi, eneo na tarehe. Soma zote nne. Nyavu, mitego na sumu weka kando kabisa. Mto Ugalla ni hifadhi ya taifa tangu 2019, hakuna kuwinda humo. Na hata ukiwa na leseni mkononi, pita kwanza ofisi ya kijiji. Wafugaji, warina asali na akina mama wanaookota kuni wako porini muda uleule unaokwenda wewe, ni vizuri wajue upo na uko upande gani.

Kwenye miombo ya Tabora kuna kwale wawili wanaofaa kwa filimbi. Wa kwanza ni mdogo, uzito wake kama robo kilo, kifua chake kina michirizi myembamba na miguu ni ya manjano. Sauti yake ni silabi mbili kali, ko-ki, ko-ki, ikirudiwa bila haraka. Wa pili ni mkubwa, huzidi nusu kilo kwa urahisi, koo lake halina manyoya na ni jekundu, na miguu myekundu pia. Huyu hukoroma kwa nguvu asubuhi na jioni, mara nyingi akiwa juu ya kichuguu. Kila mmoja ana chombo chake. Filimbi moja haitoshi wote.

Kuna kware pia, wengine humwita tombo, yule mdogo wa gramu 75 hivi ambaye dume lake lina kifua cheusi na koo jeupe. Huja na mvua na kujaa kwenye majani ya mbuga na kando ya mashamba, akiita twi, twi-twi, twi-twi mchana kutwa. Filimbi ndogo humvuta kwa wepesi wa ajabu. Lakini anaita kwa sababu ni msimu wake wa kutaga, na nyuma ya kila dume anayejibu huenda kuna jike limelalia mayai chini ya shina la majani. Huyo mwache aimbe.

Tuanze na filimbi ya kwale mdogo. Mti wetu ni mninga. Ukikauka hautanuki wala kujikunja ovyo, na mabaki yake yamejaa chini ya meza ya fundi seremala yeyote mjini. Huna sababu ya kukata mti. Mpingo hutoa makali mazuri zaidi ya sauti, ila utakula meno ya kisu na subira yako. Ukipiga msasa mninga, funika pua na mdomo kwa kitambaa. Vumbi lake huwasha, na mwenye pumu linaweza kumbana kifua.

Chukua kipande chenye urefu wa sentimita 8, upana na unene sentimita 2 au zaidi kidogo. Toboa kwanza, chonga umbo baadaye. Ukianza na umbo, keekee ikipinda kidogo tu ukuta mmoja unakuwa mwembamba na kazi yote imepotea. Ukianza na tundu, unaranda nje mpaka tundu lirudi katikati. Tumia ncha ya milimita 10, toboa kutoka upande mmoja hadi kina cha sentimita 6, na usitokeze upande wa pili. Bomba lililozibwa mwisho hutoa wimbi lenye urefu wa mara nne ya chumba chake cha hewa, ndiyo maana kifilimbi kifupi hivi kinafika kwenye sauti ya ndege bila shida.

Sasa dirisha. Pima sentimita 2 kutoka mdomoni, kata wima kwa msumeno mwembamba mpaka uingie kwenye tundu. Kisha anza milimita 18 mbele ya mkato huo, ukichonga mteremko kwa patasi kurudi nyuma, hadi ubaki uwazi wa milimita 4 kwa urefu na 6 kwa upana. Ukingo wa mteremko ndio ulimi wa filimbi. Usiufanye mkali kama wembe, mninga utamomonyoka. Unene wa kadi ya simu unatosha.

Kizibo kichonge kwa mti laini zaidi, mviringo wa milimita 10, urefu sentimita 2, kiingie kwa kubanwa. Upande wake wa juu uparuze uwe bapa mpaka ubaki mwanya wa milimita 1 chini ya paa la tundu. Hapa ndipo filimbi nyingi hufia. Ielekeze kwenye mwanga na uchungulie ndani ya mwanya: unatakiwa kuuona ulimi ukiukata mwanya katikati. Ukiuona juu kabisa ya mwanya, paruza paa kidogo kwa tupa nyembamba. Ukiwa chini mno, ni kizibo kinachohitaji kuparuzwa. Mwisho toboa tundu la milimita 5 upande wa chini, sentimita 1.5 kabla ya mwisho wa chumba, mahali dole gumba linapokaa lenyewe. Ukiliziba unapata ko. Ukiinua gumba sauti inapanda, unapata ki.

Kulinganisha sauti tunatumia nta ya nyuki, na kwa nta Tabora hatuna uhaba. Yeyusha kijiko kimoja, dondosha matone mawili ndani ukiwa umesimamisha filimbi wima na kizibo kikiwa nje, acha igande, rudisha kizibo, jaribu. Kila tone linafupisha chumba na kupandisha sauti. Ukizidisha, kwangua kwa msumari. Sikio lako liongozwe na kwale mwenyewe: mrekodi alfajiri kwa simu, rudi nyumbani, piga filimbi na rekodi kwa zamu mpaka tofauti ibaki ndogo. Simu iishie nyumbani. Porini usicheze rekodi. Ndege anayeitwa na sauti ileile mara ishirini hujifunza kunyamaza, na utamharibia kila atakayekuja baada yako.

Filimbi ikitoa upepo bila sauti, mwanya ni mnene au dirisha limekuwa refu. Ikipiga kelele nyembamba, unapuliza kwa nguvu mno au dirisha ni fupi. Ikilia vizuri dakika tano kisha ikafa, ni mate na mvuke wa pumzi: asubuhi za Julai kuna baridi, na pumzi ya moto ikigusa mti baridi hugeuka maji ndani ya mwanya. Iweke kwapani robo saa kabla ya kuanza. Usinyonye kusafisha, puliza ukiwa umeziba dirisha kwa kidole.

Kwa yule mkubwa wa koo jekundu filimbi haifai, sauti yake ina mkwaruzo. Chukua vibao viwili vya mninga, kila kimoja sentimita 9 kwa 2, unene milimita 8. Kwenye uso wa ndani wa kila kibao kwangua sehemu ya kati, sentimita 5, kwa kina cha milimita 1. Tandaza utepe wa kaseti kuukuu katikati, ukaze, bana vibao, funga ncha zote mbili kwa vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli. Puliza kutoka kooni, si mashavuni, na funika viganja mbele ili uvifungue polepole. Utepe ukilegea sauti inakoroma kama chura, ukaze upya. Beba tepe mbili za akiba.

Uwanjani fika kabla ya saa 12 asubuhi. Tafuta mahali pori linapokutana na shamba lililovunwa la mahindi au karanga, karibu na maji. Keti uegemee mti mkubwa au kichuguu, lakini piga piga kwanza kwa fimbo, maana kifutu hupenda mahali hapohapo. Dakika 10 za mwanzo usipulize chochote. Kama kwale wanaita wenyewe, huna haja ya kuwaita. Wakiwa kimya, toa ko-ki mara tatu au nne, kisha nyamaza dakika 5 kamili ukitazama saa. Kosa kubwa kuliko yote ni kupuliza tena baada ya dakika moja. Jibu la mbali utalifunika kwa sauti yako.

Ukijibiwa, elekeza fimbo ardhini upande wa sauti. Sogea hatua 70 hivi pembeni, sikiliza jibu la pili, weka fimbo nyingine. Mistari miwili inapokutana ndipo kundi lilipo. Enda kwa kupinda, na kila hatua 15 simama nusu dakika. Kule kusimama ndiko kunawakurupusha. Mtu anayetembea mfululizo wanamwacha apite huku wamelala chini.

Kundi likiruka, angalia wanapotua na usiwafuate. Ngoja dakika 15 hadi 20. Kwale waliotawanyika hutaka kurudiana, na sasa ndipo filimbi inapolipa kuliko muda mwingine wowote: sauti ya chini, mara mbili tu, na mmojammoja ataanza kujibu. Kundi likiwa na ndege watano au chini yake, liache lijikusanye.

Bila mbwa, mlio wa bunduki ni mwanzo wa kazi nyingine. Tumia marisau namba 6 na usipige zaidi ya hatua 30. Ndege aliyejeruhiwa hukimbia, na hutampata. Piga aliye angani juu ya upeo wa macho, penye uwazi chini yake, si anayekatiza vichaka. Piga mmoja tu, usigeuze macho kwa wa pili. Mahali uliposimama chomeka fimbo na uitundike kofia. Chagua alama nyuma ya pale alipoangukia, mti au kichuguu, tembea moja kwa moja ukiitazama. Pale unapodhani ndipo, weka leso, kisha zunguka kutoka hapo ukipanua duara hatua moja kila mzunguko. Tafuta manyoya kwanza, ndege baadaye. Simama usikilize mbawa zikipapatika kwenye majani makavu. Chungulia mashimo ya muhanga, kwale aliyejeruhiwa huingia humo, lakini mkono wako usiingie. Tumia fimbo yenye panda. Tafuta si chini ya robo saa, na usipompata, mhesabu kwenye idadi ya leseni yako.

Jua likipanda, saa 3 hivi, wanaingia kivulini na kunyamaza. Pumzika hadi saa 11 jioni, na funga kazi kabla giza halijaingia. Filimbi itundike shingoni kwa kamba, nje ya shati. Ukiiacha juu ya dashibodi ya gari mchana, nta hulainika, inateleza hadi kwenye tundu la gumba, na kesho yake filimbi inaita ndege asiyejulikana.