Nasoma vitabu vya watoto, mashosti wananicheka

SWALI: Dada shikamoo, mwezi mzima uliopita nimesoma vitabu vya watoto na vijana tu, naanza kumsomea mwanangu wa darasa la tatu, akilala naendelea mwenyewe mpaka usiku wa manane, sasa mashosti zangu wanasema nimerudi utotoni. Niache? Na kama nikiendelea nisome kipi? Mama wa Morogoro.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, usiache kabisa! Tafuta Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, cha 1952. Wengi tulikisoma shuleni kwa ajili ya mtihani tu, ila ukikirudia ukubwani kinachoma, maana Adili, mtu mpole vile, kila usiku anawachapa manyani wawili kwa amri ya jini, na manyani wenyewe ni ndugu zake wa damu, Hasidi na Mwivu, waliomfanyia ubaya kwa wivu. Kiswahili chake kizito kidogo kwa darasa la tatu, kwa hiyo msomee kurasa mbili tatu halafu msimulie kwa maneno yako, atauliza maswali mpaka uchoke. Rosa Mistika cha Kezilahabi (1971) soma wewe kwanza, yeye bado sana.