Mofini Hunywewa kwa Saa, Siyo kwa Kilio

Cheti cha mofini, dawa kali ya maumivu, nilikaa nacho kwenye mkoba wiki tatu bila kwenda dirishani kuchukua dawa. Saratani ya titi ilikuwa imeshafika kwenye mifupa ya mgongo. Kulala chali siwezi, kulala ubavu siwezi. Lakini dada yangu alishasema hiyo wanapewa wanaokata roho, na jirani akaongeza kuwa nitakuwa teja. Basi nikawa nameza diklofenaki za duka la dawa mpaka tumbo likaanza kuwaka, na mgongo uko palepale.

Aliyenitoa huko ni nesi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso. (Nilipoambiwa niende tiba shufaa nililia, nikidhani wamenikatia tamaa. Kumbe unahudumiwa huko na matibabu mengine yanaendelea.) Akaniambia: "Mama, teja anatafuta stimu. Wewe unatafuta kukaa ule ugali na wanao." Mwili huizoea dawa, ni kweli, ndiyo maana huachi ghafla, daktari hukupunguzia kidogo kidogo. Huo siyo uteja.

Yangu ni ya maji, na nilielekezwa kunywa kila baada ya saa nne: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, halafu saa nne usiku kipimo mara mbili ili nisiamke usiku wa manane. Mwanzoni nilijifanya mjanja. Siku nikijisikia nafuu naruka, nibane chupa isiishe. Jioni maumivu yanapanda, na yakishapanda kuyashusha ni kazi. Sasa nimetega simu, na isipolia, dada yuleyule ananiita kutoka jikoni.

Maumivu yakichomoza katikati ya saa hizo, nina kipimo cha ziada nilichopangiwa. Kila nikikinywa naandika kwenye daftari la mtoto la shule: saa ngapi, na maumivu ni ngapi kati ya 0 na 10. Zamani nilikuwa nikiingia kwa daktari nasema "naumwa sana", na kila mtu kwenye lile benchi anasema hivyohivyo. Aliposoma nimekunywa ziada mara nne kwa siku, akaongeza dozi bila mabishano.

Sasa tuongee choo, maana watu wanaona haya. Usingizi na kichefuchefu vilinisumbua siku chache vikaisha. Kukosa choo hakuishi. Maadamu unakunywa mofini, kupo. Nilikaa siku saba, nikawa sijui kinachouma ni saratani au tumbo. Papai nilikula mpaka nikalichukia. Papai na maji ni vizuri, ila havitoshi: omba dawa ya kulainisha choo siku ileile unayopewa mofini, na uinywe kila siku.

Mkono wa upande niliofanyiwa upasuaji ulikuwa na maumivu ya namna nyingine, kama kupigwa shoti ya umeme. Hayo ni ya mishipa ya fahamu, na mofini peke yake haikuyaweza. Niliongezewa amitriptilini kidogo, usiku. Mwambie daktari maumivu yakoje, siyo yako wapi tu.

Mgongo wenyewe ulitulizwa zaidi na mionzi, pale Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam. Siku mbili tatu za kwanza ulizidi kuuma, nikajuta; wiki ya tatu nikaweza kuinama kufua khanga zangu.

Chupa ifungie kabatini, watoto wasiifikie. Na kwa wenye saratani iliyofika kwenye mifupa ya mgongo kama mimi: miguu ikianza kulegea au kufa ganzi, au mkojo ukigoma kutoka, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.